Mkate Kwenye Kaburi la Khazani

Meja Habil alikuwa na kila alichokitaka: maiti, mwizi, na samovari ya wizi. Kilichomuudhi asubuhi ile ni mwanamke aliyepiga magoti kwenye zulia mbele yake, akichungulia chini ya meza iliyopinduliwa kana kwamba ameangusha hereni.

"Bibi Solmaz," alisema, "picha zote zimeshapigwa. Unajichafua bure."

"Nimeshachafuka, Meja. Njoo uinue upande huu."

Habil akainua, huku akiguna. Mvua ilikuwa ikipiga paa la bati la chumba kile kidogo kilichoegemea kuba la kaburi, na harufu ya mafuta ya taa na damu ya juzi ilikuwa bado haijatoka. Solmaz alimulika zulia kwa tochi, akatulia hapo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Meja.

Solmaz alikuwa ametumwa kutoka mji mkuu, Baku, ofisi ya mwendesha mashtaka, kwa kazi moja tu: kusoma jalada na kutia saini. Aliyeuawa ni Mirza Kamandar, mwalimu mstaafu wa lugha ya Kiajemi na mlinzi wa kaburi la Khazani. Khazani huyo ndiye malenga wa kale aliyetunga nusu ya mashairi yake kwa Kiajemi na nusu kwa Kiazeri, na mji mzima wa Tutlu ulikuwa unakula kwa jina lake. Shule ni ya Khazani, bustani ni ya Khazani, hata duka la viatu pale njia panda ni la Khazani. Wiki inayofuata ilikuwa jubilei yake, na wageni kutoka nchi kadhaa walikuwa wameshaalikwa. Na sasa mzee wa watu alikuwa amekutwa Jumanne asubuhi, fuvu limepasuka, mchi wa shaba wa kupondea zafarani ukiwa pembeni yake. Chumba kilikuwa kimevurugwa, na sanduku la jiwe lililofunika kaburi la malenga lilikuwa limevunjwa kwa mtaimbo. Mchana wa siku hiyo hiyo samovari ya marehemu, lile birika kubwa la shaba la kuchemshia chai, ikaonekana katika karakana ya Jumshud, fundi wa vyombo vya shaba, ambaye aliwahi kufungwa kwa kuiba nyaya za umeme.

"Damu iko chini," alisema Solmaz. "Chai na jamu ziko juu ya damu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mzee alianguka kwanza. Meza ikapinduliwa baadaye, damu ikiwa imeshatanda. Mtu na mtu wakipigana, meza huanguka wakati wa ugomvi. Hii iliangushwa baada ya ugomvi kwisha."

"Mwizi alikuwa anatafuta vitu."

"Juu ya meza ya chai?" Solmaz alisimama, akajipangusa magoti. "Jumatatu jioni mvua ilinyesha?"

"Kama leo."

"Kwenye picha zenu za kwanza zulia halina tope. Mgeni alivua viatu mlangoni."

Habil akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Dada yangu, hapa ni Tutlu. Huku kwetu hata mwizi ana adabu."

Solmaz hakucheka. Alikuwa ameinua macho kwenye kishubaka kilichochongwa ukutani juu ya mlango, pale ambapo watu huweka taa au msahafu. Palikuwa na mkate wa tanuri, nusu yake hivi, umekauka.

"Ule nani ameuweka pale?"

"Sisi hatukuugusa. Tuliukuta."

"Haumo kwenye orodha ya vielelezo."

"Mkate ni mkate, Bibi Solmaz. Si ushahidi."

Aliomba kiti, akapanda, akaushusha kwa mikono yenye glavu. Upande wa chini ulikuwa umelowa chai na kukauka tena, jamu ya forosadi imeganda, na kipande cha kioo cha bilauri kimejikita katikati ya jamu kama jino. Mkate ule ulikuwa umeanguka pamoja na meza. Halafu mtu akauokota.

Meja Habil hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye haraka tu. Alikaribia, akautazama, uso ukamlegea kidogo. "Marehemu alikuwa ameshakufa," alisema polepole.

"Alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo aliyeuokota ni yule yule aliyepindua meza. Ametupa vitabu, amevunja bilauri, amemwaga sukari, anataka sisi tuone vurugu la wizi. Kisha akaona mkate uko chini."

"Hata Jumshud angeuokota. Ni nani wa hapa angeuacha mkate sakafuni ukanyagwe?"

"Kweli. Sasa tazama hapa." Ukingoni mwa gamba palikuwa na doa la kahawia, pana kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

"Damu ya marehemu imeruka."

"Damu inayoruka hufanya matone. Hii imegandamizwa."

"Basi ni kidole chake. Mikono yake ilikuwa na damu."

"Kidole huacha mistari." Solmaz aliinamisha mkate kwenye mwanga wa dirisha. Doa lilikuwa na mkunjo laini katikati, na mikwaruzo midogo ya kusimama. "Meja, ulipokuwa mtoto ukakuta mkate umeanguka barabarani, ulifanyaje?"

"Kama kila mtu. Nilikuwa nauokota, nau..." Mkono wa Meja ulikuwa umeshaanza safari yake wenyewe. Ulipanda kutoka kwenye paja hadi mdomoni, na ulikuwa unaelekea kwenye paji la uso ulipoganda hewani. "Ameubusu," alisema.

"Ameubusu. Na mdomo wake ulikuwa unatoka damu."

Mvua iliendelea na kazi yake juu ya bati.

"Marehemu alikuwa anavaa pete?" aliuliza Solmaz.

"Ya akiki. Kubwa. Kila mwanafunzi wa mji huu anaijua pete ile, tumepigwa nayo makofi sote." Habil alijishika shavu bila kujua. "Lakini maiti imeshaoshwa na kuzikwa. Pete iliogeshwa naye."

Solmaz alimtupia jicho moja tu, na Meja akawa na shughuli ya ghafla ya kufunga kitufe cha koti lake.

Kabla ya kutoka walipita kwenye kuba. Vitambaa vya rangi ambavyo mabibi harusi hufunga kuomba heri vilikuwa vinaning'inia dirishani, vimelowa. Kifuniko cha sanduku la jiwe kilikuwa kimesogezwa, na chini yake palikuwa na bamba la zamani ambalo uso wake ulikuwa umetwangwa kwa ncha ya mtaimbo mpaka likabaki unga na makovu. Udongo wa chini haukuwa umeguswa.

"Anayetafuta dhahabu huchimba," alisema Solmaz. "Huyu hakuchimba. Alikuwa anafuta."

*

Nje ya lango la kituo cha polisi alisimama mwanamke wa makamo, shela nyeusi imemshika kichwani kwa mvua, mfuko wa soksi na maandazi mkononi. Alikuwa Zarnishan, mama yake Jumshud. Askari wa zamu walikuwa wamemzoea kiasi cha kumpita kama nguzo.

"Mwanangu," alimwambia Solmaz, akimshika mkono kwa vidole vya baridi, "wanasema gari linakuja alasiri kumpeleka Baku. Akienda safari hii harudi. Mapafu yake yaliharibikia huko huko jela. Mimi sina mwingine."

"Gari bado halijaja, mama," alijibu Solmaz, na hakuwa na kingine cha kumpa.

Ndani, Jumshud alikaa na mabega yamekunjamana, akikohoa kwenye kiganja. Solmaz aliomba maji. Fundi alipokunywa, Solmaz alimtazama mdomo wa juu, wa chini, pembe zote mbili. Ulikuwa mdomo mzima, mkavu, wa mtu aliyekosa usingizi.

"Samovari umeipata wapi?"

"Nimeshasema. Mirza mwenyewe alinipa Jumatatu asubuhi. Ilikuwa inavuja bombani. Nikailehemu, nikaipaka bati ndani. Hakuna anayeniamini kwa sababu mimi ni Jumshud wa nyaya."

"Leteni hiyo samovari."

Ililetwa. Solmaz alifungua kifuniko, akapitisha kidole. Bati lilikuwa jipya, jeupe, limepigwa kwa mkono wa mtu asiye na pupa. Chini ya bomba palikuwa na mstari wa lehemu uliosuguliwa mpaka ukalingana na shaba.

"Kazi hii inachukua muda gani?"

"Ukitaka iwe nzuri, kutwa."

"Meja, mlimkamata saa ngapi Jumanne?"

"Mchana." Habil alikuwa amekwisha kuelewa, lakini alitaka kupigana kidogo, kwa heshima ya jalada lake. "Angeweza kuifanya usiku."

"Ameua mtu, anakaa usiku kucha kumtengenezea samovari?" Solmaz alirudisha kifuniko. "Na pale chumbani, jikoni, kuna birika la umeme limeunguzwa mpaka chini limekuwa jeusi. Chai ya Jumatatu jioni ilichemshwa kwenye birika hilo, na hakuna aliyelizima. Mzee mwenye samovari hachemshi chai ya mgeni kwenye birika la umeme, isipokuwa samovari haipo."

"Ndivyo alivyosema!" Jumshud aliinuka, askari akamkalisha. "Aliniambia, 'Jumshud, umeniaibisha, leo nina mgeni, nitampa chai ya birika kama hospitali.' Nikamuuliza, mgeni mkubwa? Akacheka. Akasema, 'Mkubwa wapi. Ni mwanangu anakuja.'"

"Mirza hakuwa na mtoto," alisema Habil.

"Najua hakuwa na mtoto! Ndiyo maana neno lile limenikaa kichwani."

Kwenye ukumbi Meja alimvuta Solmaz pembeni, karibu na bango la jubilei lenye picha ya malenga ambaye sura yake hakuna aliyewahi kuiona. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikiliza, dada. Nakuamini. Lakini mkuu wa wilaya amepiga simu mara mbili leo. Anataka mji uwe safi kabla wageni hawajafika. Maabara itachukua wiki kadhaa kusoma doa lile. Gari linakuja alasiri. Wewe usiposaini, atatafutwa wa kusaini."

"Na akishafika Baku?"

"Akishafika Baku atakiri. Kule wote hukiri."

Alilisema jambo hilo bila fahari yoyote, na Solmaz akampenda kidogo kwa hilo. "Matanga ya leo yako wapi?"

"Uani kwa marehemu. Mji mzima utakuwapo."

"Basi twende tukale halua," alisema Solmaz. "Na huo mkate tunaenda nao."

*

Tukazban, dada yake marehemu, alikuwa jikoni na wanawake wengine, uso umevimba, mikono bado inafanya kazi kwa sababu hakuna aliyeweza kuisimamisha. Alikuwa anakoroga unga wa halua kwenye sufuria kubwa. Solmaz alipomfungulia mfuko wa karatasi, mwiko ulisimama.

"Mkate wangu huo. Hiyo michomo ya katikati, natoboa kwa unyoya wa bata, wengine wanatumia uma. Nilimpelekea Jumatatu mchana, ungali moto."

"Shangazi, kaka yako alikuwa na neno gani juu ya kaburi?"

Tukazban aliwatazama wanawake wenzake, akawaambia watoke wakaangalie wali. Walipotoka alikaa kwenye kigoda.

"Khazani hayumo mle," alisema. "Kaka aligundua majira ya kuchipua, walipoinua kifuniko kutengeneza ufa. Chini yake kuna bamba la kweli. Akalisoma. Ni kaburi la muuza chumvi mmoja, haji fulani, wala si mshairi. Watu walipachanganya zamani, kuba likajengwa, basi. Kaka alicheka wiki nzima. Mabibi harusi wote hawa wanamwomba muuza chumvi."

"Alikuwa na nia ya kusema?"

"Siku ya jubilei, mbele ya wageni. Nikamwambia, kaka, utawavua nguo watu hadharani. Akasema hapana, kwanza nitamwambia mwenyewe, nyumbani kwangu, kwa chai na jamu, ili awahi kulisema yeye kwa mdomo wake. Alimpenda sana."

"Alimpenda nani?"

"Nani mwingine ana kitabu juu ya kaburi lile? Nani kafanywa mkurugenzi wa makumbusho kwa kaburi lile?" Tukazban alifuta macho kwa mkono wa gauni. "Lakini haiwezekani, mwanangu. Isfandiyar amekulia nyumba hii. Kaka alimfundisha alifu kwa ujiti majivuni. Jana ndiye aliyebeba jeneza mbele kabisa. Usinitie wazimu."

"Sijasema kitu, shangazi. Nitakapokuita uje, njoo."

*

Hema la wanaume lilikuwa refu, la turubai, meza mbili zimenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Wanawake hawaingii hema lile, ila Solmaz aliingia na Meja Habil ubavuni, akaketi karibu na mlango, na wazee wakajifanya hawamwoni. Mulla alikuwa amemaliza kusoma. Chai ilikuwa inazunguka, nyekundu, ya kuunguza, katika bilauri ndogo zenye kiuno. Watu walikuwa wanaimeza vile vile inavyofoka, bonge la sukari kati ya meno, kama walivyofanya baba zao.

Mtu mmoja tu alikuwa ameacha chai yake ipoe.

Alikaa karibu na mulla, suti nyeusi, ndevu hakuna, masharubu manene ya mvi yaliyoachwa yakashuka hadi juu ya mdomo. Huyo ndiye Mwalimu Isfandiyar. Sukari ilikuwa kwenye kisahani, haijaguswa. Alipoinua bilauri aliipeleka pembe ya kulia ya mdomo, akavuta kidogo, akairudisha. Limau lililoletwa alilisogezea jirani.

"Tangu Jumanne yuko hivyo," Habil alinong'ona. "Nilidhani ni huzuni. Mimi mwenyewe nilimwambia ajikaze, ale."

Karibu nao Ami Balakishi, mzee mkubwa kuliko wote hemani, aligonga bilauri kwa kijiko. "Haya. Qurani imesomwa, Mungu akubali. Lakini Kamandar hawezi kuondoka Tutlu bila ghazali ya Khazani. Isfandiyar, mwanangu, tusomee ile aliyokuwa anaipenda."

"Ami, nisamehe," alisema Isfandiyar. Alisema kwa mdomo uliofunguka nusu. "Koo limejaa huzuni. Leo siwezi."

"Koo gani! Umesoma mbele ya mabalozi na televisheni, ushindwe mbele ya mwalimu wako? Nani asome, mimi? Mimi nina meno mawili, na hayaelewani."

Kicheko kidogo kilipita mezani, cha aina ile inayoruhusiwa matangani. Isfandiyar alitikisa kichwa tena.

"Mimi nimetoka mbali, mwalimu," Solmaz alisema kutoka mlangoni, kwa sauti iliyofika. "Baku wanasema hakuna amsomaye Khazani kama wewe. Nisingependa kurudi na habari kwamba kwenye matanga ya Mirza Kamandar, mwanafunzi wake alikataa."

Hema likageuka zima. Macho yote yalikuwa juu ya mkurugenzi, na macho ya Tutlu ni mazito. Isfandiyar alimtazama yule mwanamke, akatazama chai yake iliyopoa, akasimama.

Alianza kwa Kiajemi, taratibu, kisha akarudia kila ubeti kwa Kiazeri kama desturi ya mji ilivyo. Alikuwa msomaji kweli. Sauti ilimpanda hata yeye mwenyewe, akasahau kujilinda. Mikono ikaanza kupiga vina hewani, mdomo ukafunguka wote. Wazee walikuwa wanafuatisha kwa midomo. Alipofika ubeti wa mwisho, ule ambamo malenga hulitaja jina lake, mji mzima uliinua mikono vifuani pamoja naye:

"Msinijengee kuba, mvua ndiyo paa langu;
Khazani amelala njiani, si chini ya jiwe lenu."

Vizazi na vizazi walikuwa wameisoma ghazali hiyo juu ya kaburi la muuza chumvi, na hapana aliyewahi kuisikia. Mzee mmoja alikuwa analia. Ami Balakishi aliinua mkono kusema ahsante, kisha akauacha hapo hapo.

"Isfandiyar, mwanangu. Unatoka damu."

Isfandiyar alijigusa. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka kwa ndani, kidonda cha siku chache kimefunguka upya, na damu ilikuwa inashuka kwenye kidevu kilichonyolewa vizuri. Alitoa leso haraka.

"Wembe," alisema. "Nilijikata asubuhi."

"Kwa ndani ya mdomo?" Solmaz alikuwa ameshasogea, amesimama ng'ambo ya meza. "Unanyoa meno, mwalimu?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Nipe hiyo leso," alisema.

"Kwa nini nikupe leso yangu?"

"Kwa sababu Jumatatu jioni mtu alivua viatu akaingia kwa Mirza Kamandar, akapewa chai ya birika na jamu ya forosadi. Mzee alimwambia neno ambalo hakulipenda. Wakagombana, mzee akampiga kofi kama alivyowapiga ninyi nyote, pete ikampasua mdomo. Naye akachukua mchi." Aliligeuzia uso hema zima. "Jumshud amelala mahabusu kwa samovari aliyopewa aitengeneze. Mdomo wake ni mzima. Nimeutazama."

"Haya ni matusi," alisema Isfandiyar. Alikuwa ameikunja leso ndani ya ngumi. "Meja Habil! Mnaniletea mwanamke kutoka Baku anitukane juu ya kaburi la baba yangu?"

Meja Habil alikuwa amehamia mlango wa pili wa hema, na alikuwa amesimama hapo.

"Shangazi Tukazban," Solmaz aliita.

Tukazban aliingia, unga mikononi. Wanaume wakampisha njia bila kuambiwa. Solmaz alifungua mfuko wa karatasi, akautoa mkate ule kwa glavu, akauweka juu ya kitambaa cheupe mbele ya mkurugenzi, upande wenye jamu na kioo ukitazama juu.

"Ni wako, shangazi?"

"Ni wangu."

"Ulikuwa sakafuni, kwenye damu na chai," Solmaz alimwambia Isfandiyar, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Kila kitu chumbani ulikiangusha makusudi. Vitabu vyake ulivitupa. Jiwe ulilivunja. Ungeuacha huu pia, leo Jumshud angekuwa njiani na wewe ungekuwa unaandika hotuba ya jubilei. Kwa nini uliuokota?"

Mtu yule alikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angeweza kusema haujui mkate ule. Angeweza kunyamaza, kungoja maabara, kungoja wakili, kungoja simu ya mkuu wa wilaya. Lakini alikuwa anautazama mkate, na swali lenyewe lilimkera kama linavyomkera mtu aliyelelewa vizuri, na jibu likamtoka kabla hajalishika.

"Ulitaka niukanyage?"

Mvua juu ya turubai ilisikika tone kwa tone. Ami Balakishi aliweka bilauri yake mezani. Mulla alifumba macho. Isfandiyar alisimama na leso mkononi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama anayetafuta mtu wa kumwelewa, kwa maana hakika walikuwa wanamwelewa; hakuna hata mmoja pale ambaye angeukanyaga.

Tukazban aliinama mezani. Hakupiga kelele, na hakumgusa.

"Mkate umeuokota, Isfandiyar," alisema. "Umeubusu, ukauweka juu. Na kaka yangu ukamwacha chini."

Isfandiyar alifungua mdomo. Damu ilishuka mpaka kwenye kola ya shati lake jeupe, na yule msomaji wa mabalozi hakupata hata neno moja, wala la Kiajemi wala la Kiazeri.

Meja Habil alikuja kutoka mlangoni akitoa pingu mfukoni. Zilikuwa zile zile alizokuwa amezichukua asubuhi kwa ajili ya safari ya Jumshud.